Mlango Uliokataa Kufunga

Gari lenyewe lilikuwa Alfa Romeo Spider, la aina ile ya mkia wa mviringo iliyochorwa na Pininfarina na kuonyeshwa kwa mara ya kwanza Geneva mwaka 1966. Baba alilichukua kwa Mwitalia mmoja aliyekuwa anahama Lubumbashi, kufidia malipo ya kazi aliyokuwa akimdai, na kwa miaka mingi likalala chini ya mwembe wetu pale Kampemba, kuku wakitaga kwenye kiti cha dereva. Injini haikutusumbua. Ilikuwa ya sentimita za ujazo 1,570, yenye kabureta mbili za Weber, na tulipozisafisha kwa petroli na kubadilisha gasketi, iliwaka siku ya tatu.

Bodi ndiyo iliyotuumbua. Turubai la juu lilikuwa limeoza zamani, kwa hiyo kila masika maji yalituama sakafuni na kuila polepole mihimili ya bati iliyo chini ya milango. Nilipoigonga kwa bisibisi, ikaingia mpaka kwenye mpini. Kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kuchomelea mageti mawili ya majirani, nilijihesabu fundi, nikamwahidi Baba kwamba kazi hiyo ni ya Jumamosi moja.

Asubuhi nilikata mhimili wa kushoto. Umeme ulikuwapo tangu alfajiri, jambo ambalo mtaani kwetu halikuwa la kila siku, nami nikaona ni israfu kuuacha upite bure, nikakata na wa kulia. Gari lilikuwa limeinuliwa kwa jeki, mbele na nyuma tu. Jioni mabati mapya yalikuwa yamekwisha kushikana, nikaupachika mlango wa kushoto kwenye bawaba zake na kuusukuma. Ulikataa. Pembe yake ya juu, upande wa kitasa, iligota kwenye bodi. Mahali ambapo awali njiti ya kiberiti ilipita bila shida, sasa hata wembe haukupenya.

Baba hakusema neno. Alikwenda kumwita mzee mmoja aliyestaafu katika karakana za reli, naye alilizunguka gari mara mbili, mikono nyuma, kisha akaniuliza kwa upole ulioniuma kuliko matusi: «Ulikata pande zote mbili?»

«Ndiyo, Mzee.»

«Gari hili halina paa, mwanangu. Uti wake wa mgongo uko huku chini, nawe umeukata likiwa linaning'inia.»

Jumatatu tukayang'oa mabati yangu yote. Mzee aliweka magogo katikati, akainua jeki kidogo kidogo huku akipima nafasi ya mlango kwa njiti ileile ya kiberiti, kisha akahitaji mabomba ya kuchomelea kwa muda katika nafasi zote mbili za milango, ili bodi isilegee tena. Bomba halikuwapo ila nguzo mbili za kamba ya Mama ya kuanikia nguo. Tulizichukua alipokuwa sokoni. Tulichomelea upande mmoja hadi mwisho, tukaujaribu mlango, ndipo tukagusa wa pili. Kazi ya Jumamosi moja ikala wiki tatu.

Siku mlango ulipofunga kwa mlio mmoja mfupi, Baba aliufungua na kuufunga mara nyingi hata majirani wakachungulia juu ya ua. Mama naye alitoka na beseni la nguo mbichi kiunoni, akautazama mlango, akaitazama na kamba yake iliyolala chini, akauliza nguzo zake zinarudi lini.