Eunice Kennedy Shriver na dada aliyefichwa

Arua, Uganda, nilikokulia palikuwa na nyumba ambayo mtoto wake mwenye ulemavu wa akili hakutolewa nje wageni walipofika, na ndiyo maana maisha ya Eunice Kennedy Shriver hunigusa kuliko ya ndugu zake wanasiasa, akiwamo Rais John F. Kennedy. Dada yao Rosemary, aliyekuwa na ulemavu wa akili tangu utotoni, alifanyiwa upasuaji wa ubongo mwaka 1941 uliomharibia mwendo na usemi, kisha akawekwa mbali na familia kwa miaka mingi. Eunice, tofauti na wazazi wake, hakukubali kunyamaza: mwaka 1962 aliandika waziwazi jaridani juu ya dada yake, na mwaka huohuo akafungua nyumbani kwake, Maryland, kambi ya michezo ya watoto wa hali hiyo, akiingia nao mwenyewe bwawani. Kambi hiyo ndiyo iliyozaa Special Olympics, michezo ya watu wenye ulemavu wa akili, na mashindano yake ya kwanza yalifanyika Chicago, Julai 1968, kwa wanamichezo wapatao 1,000. Leo Uganda nayo imo. Nimewaona vijana wetu wakikimbia huku mama zao wakipiga vigelegele, nikamkumbuka yule mtoto wa jirani, ambaye miguu yake ilikuwa myepesi sana.