Picha ya mashine mbovu

Leo nimelipa paundi 6 na peni 40, nauli ya safari ya treni niliyosafiri mwezi wa kumi na moja mwaka jana, na nimelipa huku nacheka peke yangu jikoni kama mwehu, maana kuna kipindi mwezi wa kwanza safari hiyohiyo ilikuwa imeshafika paundi 126.40 na mimi usingizi sina.

Ngoja niandike kabla sijasahau, kwa sababu najijua, hasira zangu hazikai.

Ilikuwa mchana, naenda shifti ya jioni mji wa pili. Mimi nafanya kea, yaani kazi ya kutunza wazee, na wazee wangu wawili wa siku hiyo walikuwa wanatakiwa kupewa dawa saa kumi. Stesheni yetu ni ya kijijini, platfomu mbili na kibanda, dirisha la tiketi linafungwa saa saba mchana na mtu wake anaondoka. Inabaki mashine. Sasa siku hiyo mashine imekufa, kioo cheusi tii, na pale pa kuchomeka kadi kuna kitaa chekundu kinapepesa kama jicho la mtu mwenye usingizi. Nikabonyeza, nikagonga kidogo ubavuni (mnajua vile tunagonga redio za betri), wapi. Nikatoa simu nikaipiga picha nikairusha kwenye grupu la binamu zangu, nikaandika "kumbe hata Uingereza mtandao unasumbua", watu wakacheka, mmoja akaniuliza kama wameishiwa luku. Treni ikaja, nikapanda. Ya baada yake ilikuwa mpaka lisaa lizima lipite, ningebaki pale kufanya nini?

Dakika 25 baadaye nashuka, kabla ya mageti wamesimama wakaguzi watatu na vizibao vyao. Nikamwambia yule wa kwangu ukweli, mashine ya kwetu mbovu, nipo tayari kulipa sasa hivi, kadi hii hapa. Kijana mpole kabisa, hata sauti hakupandisha, akawa anabonyeza tu kitabuleti chake, jina, anwani, tarehe ya kuzaliwa, halafu kikatoka kikaratasi kirefu kama risiti ya supamaketi. Faini paundi 100, juu yake nauli 6.40. Nikilipa ndani ya siku 21 ile 100 inakuwa 50. Nikamuuliza sasa kosa langu nini, akasema unaweza kukata rufaa, maelezo yapo nyuma ya karatasi. Basi. Ingekuwa daladala ya Mbagala hapo konda angeshapandisha, mimi ningeshapandisha, mama mmoja mwenye ndoo ya samaki angekuwa wakili wangu bila kuombwa na mpaka tunafika Rangi Tatu kesi imekwisha, mshindi kajulikana. Huku watu wanakupita wanaangalia viatu vyao. Nikaikunja ile karatasi nikaenda kuwapa wazee dawa, nilichelewa dakika kumi.

Kwa wasiojua, hizi faini zilikuwa paundi 20 au nauli mara mbili, Januari 2023 ndiyo wakazipandisha hapa England mpaka 100 pamoja na nauli. Na lile punguzo la kulipa mapema mimi naliona ndiyo mtego wenyewe, maana akili inaanza kupiga hesabu, 56.40 sasa hivi au 106.40 baadaye, na mtu unajikuta unaona kama umeokoa hamsini wakati jana yake ulikuwa hudaiwi hata senti. Binamu yangu wa Birmingham akaniambia dada lipa yaishe, funika kombe mwanaharamu apite. Na nilikuwa nalipa kweli, siwadanganyi, kadi nilishaitoa kwenye pochi. Sio kwamba hela ninayo, ni woga. Sisi tunaoishi kwa visa kila bahasha yenye nembo tunaifungua kwa bismillah, unawaza hii itanifuata mpaka siku nikiomba makazi, itaandikwa mahali. Baadaye ndio nikasoma nikaelewa hii faini ya treni yenyewe sio hukumu ya jinai, ni deni. Jinai inakuja wakikupeleka mahakamani, kwa mfano kwamba ulikusudia kukwepa nauli, na sheria ya hiyo ni ya 1889, ndiyo, 1889, Mwingereza mwenyewe Tanganyika hata hajaichukua. Na hata huko mahakamani kampuni za treni zilishachemka zenyewe, Agosti 2024 hakimu mkuu alifuta kesi kama 74,000 za nauli, kwa sababu zilipitishwa kwenye ule utaratibu wa hakimu mmoja kukaa na makaratasi bila wewe kuwepo, na kwa kosa hilo sheria haikuruhusu. Elfu sabini na nne. Niliposoma hiyo namba kadi nikairudisha kwenye pochi.

Rufaa ya kwanza nikaiandika vibaya. Nimeisoma tena leo nikaona aibu. Kurasa mbili! Nimeeleza nafanya kazi gani, nimelelewa vipi, marehemu baba alikuwa mtu wa namna gani, hali ya hewa ya siku hiyo, yaani kama naomba mchango wa harusi. Na picha nikasahau kuambatanisha, fikiria. Wakajibu kwa heshima zote imekataliwa, kumbukumbu zao hazionyeshi hitilafu yoyote kwenye mashine, halafu pia ningeweza kununua tiketi kwenye simu.

Hapo kwenye simu ndipo waliponiamsha. Kwani simu yangu ni mali yao? Nikaenda kwenye kanuni zenyewe za hizi faini, za 2018, nikakaa nazo usiku mmoja na chai ya tangawizi, Kiingereza chake kigumu lakini ukikisoma polepole kinatafunika. Zinasema faini haitozwi kama pale ulipopandia hapakuwa na njia ya kuuziwa tiketi. Stesheni ulipopandia. Siyo mfukoni mwako. Na zinasema una ngazi tatu za rufaa, ya tatu inakwenda kwa jopo la watu huru, na jambo lingine ambalo karibu nilipite, kwamba ukishakata rufaa saa inasimama, siku 21 haziendelei kuhesabika mpaka wakujibu.

Rufaa ya pili ikawa sentensi nne. Jina la stesheni. Dirisha linafungwa saa saba. Picha hii hapa, imepigwa 14:17, treni ikaondoka 14:24. Naomba mniambie mashine hiyo iliuza tiketi ngapi kati ya saa saba na saa tisa mchana huo. Nikaishia hapo, marehemu baba nikamuacha apumzike.

Sasa nikiwa bado nasubiri jibu ikaingia barua nyingine, bahasha nyingine, nembo nyingine. Faini 100, nauli 6.40, na "gharama za utawala" paundi 20. Jumla 126.40 na maneno mazito chini kwa wino mwekundu. Hii ndiyo iliyonikera kuliko ile 100 yenyewe. Ile 100 ina hoja, kuna watu wanasafiri dezo kila siku, kampuni lazima ijilinde, sawa. Lakini hii 20 ni ya nini? Utawala wa nini? Ni wa kuniandikia barua ya kunijulisha kwamba nadaiwa pesa ya kuandikiwa barua. Na saa ilitakiwa iwe imesimama! Nikaandika tena, nikaweka na tarehe waliyopokea rufaa yangu, nikawaambia hiyo 20 iondoeni kwanza halafu ndio tuongee.

Mwisho wa mwezi wa kwanza jibu likaja, rufaa imekubaliwa. Faini imefutwa, nabaki na nauli ya kawaida. Hakuna maelezo ya mashine wala ile hesabu ya tiketi niliyouliza, wala pole. Nikapiga kigelegele kimoja kidogo, jirani asije akapiga simu polisi.

Mnadhani iliisha? Wiki mbili baadaye barua, nadaiwa paundi 20. Faini imekufa, ada yake iko hai. Mama kafa, mtoto anadai maziwa. Nikapiga simu, muziki dakika 35, nikapika wali wote mpaka ukaiva huku simu iko begani, halafu akapokea dada mmoja lafudhi ya kaskazini ananiita mpenzi kwenye kila sentensi. Akatafuta, akasema mpenzi hapa naona faini haipo. Nikamwambia ndiyo. Akasema lakini ada ya kuchelewa kulipa faini ipo. Nikamuuliza, mpenzi, nimechelewa kulipa kitu gani? Kimya. Nikasikia anacheka kidogo. Akaifuta hapohapo, nikamwomba anitumie kwa imeili, akatuma, nimeihifadhi sehemu tatu.

Sasa kuna kitu kimoja sikukiandika kwenye rufaa, na humu ndani ni kwangu. Zile dakika 25 ndani ya treni nilikaa dirishani. Sikunyanyuka kumtafuta mhudumu nimwambie sina tiketi. Nilikuwa naangalia mashamba, kuna farasi mmoja kavishwa koti, na kichwani nilikuwa nishahesabu kwamba 6.40 ni mchele kilo mbili na kuku wa kugandisha. Kama pale mageti yangekuwa wazi na wale vijana watatu hawapo, ningeenda dirishani kulipa? Napenda kusema ndiyo. Lakini mimi ndiye yuleyule niliyekuwa nashuka daladala mlango wa nyuma na sketi ya shule, mia mbili ya konda nimeishika mkononi, naenda kununulia ubuyu. Rufaa yangu ilikuwa ya kweli neno kwa neno na haki ilikuwa upande wangu, na bado hili swali linanirudia nikiwa naosha vyombo. Labda ndiyo maana leo kulipa 6.40 kumenipa raha namna ile, wala hawakunifuata, nimelipa tu mara ilipotoka ankara.

Tangu hapo nimeshika kaugonjwa. Kila nikifika stesheni lazima niipige picha mashine, ikiwa nzima ikiwa mbovu, na saa ya ukutani ionekane pembeni. Ninazo kama mia sasa, mashine asubuhi, mashine kwenye mvua, mashine na njiwa juu yake. Juzi vidole vilikuwa na baridi nikabonyeza vibaya, moja ikapanda kwenye status ya WhatsApp. Hata treni haijafika mama kashapiga simu kutoka Tanga, furaha imemjaa, mwanangu hongera sana, naona umenunua friji.