Nilivyomsaidia Mama mwenye gesti Kondoa aonekane kwenye ramani

Mama mmoja mwenye gesti ya vyumba sita Kondoa mjini alinipigia akitaka nimtengenezee tovuti. Lami ya kutoka Dodoma kwenda Babati inapita kwao, na ndiyo njia ya wanaokwenda kuona michoro ya miambani ya Kolo, iliyoingia kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006. Wageni wapo. Wanampita tu.

Nilipofika nikamwamkia, tukanywa chai, nikamwomba anisimulie mgeni wa mwisho aliyempoteza. Hakufikiria mara mbili. Watu wawili kutoka Dodoma walimpigia saa mbili usiku wakisema wamefika, kumbe ramani ya simu imewapeleka upande wa pili wa mji. Wakachoka, wakalala kwingine.

Hapo nikamwambia tovuti isubiri.

Tukaanza na ramani za Google. Kinachowashinda wengi ni kuthibitisha kwamba biashara ni yako. Sisi tuliombwa video, na hiyo hupigwa kwa mkupuo mmoja bila kukata: mtaa uonekane, bango lionekane, kisha jambo ambalo mwenye mali tu ndiye anaweza kulifanya. Ya kwanza ilikataliwa, na kosa lilikuwa langu. Kwenye simu niliandika "Lodge", wakati bango lililochorwa ukutani kwa rangi ya mafuta linasema "Nyumba ya Wageni". Nikarekebisha jina lifanane na bango, tukarudia alfajiri mtandao ukiwa mwepesi. Nilianzia barabarani penye mwarobaini, nikaingia getini, Mama akatoa bunda la funguo kiunoni akafungua ofisi, halafu chumba namba 3. Siku chache baadaye tukakubaliwa, alama ikakaa getini kwake.

WhatsApp ya biashara nilidhani ingekuwa kazi ya dakika kumi. Namba ikihamia huko, WhatsApp ya kawaida inaacha kufanya kazi kwa namba hiyo, na Mama akashtuka. "Mwanangu, na sauti za marehemu baba yao zilizomo humu?" Nikaweka simu chini. Tulihifadhi nakala ya kila kitu kwanza, na baada ya kuhamia akasikiliza moja mpaka mwisho ndipo akaniruhusu niendelee. Tangu siku hiyo sigusi simu ya mtu kabla sijamuuliza kuna nini ndani asichotaka kipotee.

Tulibishana kuhusu bei. Yeye hakutaka ionekane, akisema majirani watashusha za kwao. Mimi naamini mgeni asiyeona bei hapigi simu, anakwenda kwa mwingine. Tukakubaliana iwekwe pamoja na picha ya kitanda chenye chandarua na ya bafu, maana bafu ndilo wanaloulizia sana. Lipa namba, ile ya biashara kupokea malipo kwa simu, haikusumbua. Alichokipenda ni kwamba mteja anaona jina la gesti kabla ya kuweka namba ya siri, na hela ya biashara haichanganyiki tena na ya nyumbani.

Mwezi uliofuata akanitumia picha: gari lenye vumbi limeegeshwa chini ya mwarobaini, na chini yake ameandika, "Hawa hawakuuliza njia." Kisha ikaingia sauti yake akitaka kujua lini nitakwenda Kolo kwa vijana wanaotembeza wageni, kwa sababu hawa wake wamelala bila kupata wa kuwapandisha mlimani kesho.