Pikapu ya marehemu baba na pikapu ya leo
Jana asubuhi, karibu na Soko la Mgandini hapa Tanga, nilimsaidia mjomba kushusha machungwa ya Muheza kutoka kwenye Hilux yake ya kebini mbili, na hapo ndipo nilipohisi kwa mikono yangu jinsi pikapu zilivyobadilika. Ukingo wa bodi, yaani sehemu ya nyuma ya kubebea mizigo, ulinifika kifuani, ilhali kwenye pikapu kuukuu ya marehemu baba, yenye kebini moja, nilikuwa nikinyoosha mkono tu na kulifikia gunia la katikati.

Hilux ya kwanza, iliyotoka Japani mwaka 1968, ilikuwa na urefu wa takriban mita 4.2. Hii ya mjomba ina mita 5.3, lakini bodi yake ni mita 1.5 hivi, kwa kuwa nafasi kubwa imechukuliwa na viti vya nyuma. Wanawe husafiri humo wamefunga mikanda, badala ya kukaa juu ya magunia kama tulivyokaa sisi, jambo ninalolishukuru kwa dhati. Hata hivyo, mzigo ambao baba aliubeba kwa safari moja, mjomba anaupeleka kwa safari mbili.