Usiku Prosesa Moja Ilipozimika

Kiwanda nilichoajiriwa kama fundi wa vidhibiti kilikuwa kando ya ziwa hapa Mwanza, na kazi yake ilikuwa kugandisha minofu ya sangara kwa mitambo inayopoza kwa gesi ya amonia. Majirani zetu waliokuwa wamejenga kwenye mawe ya mlimani, juu kidogo ya ukuta, walikifahamu kwa harufu ya samaki, lakini sisi tulioshinda karibu na kompresa, mashine za kuikandamiza gesi hiyo, tuliogopa harufu nyingine. Amonia huchemka kwenye nyuzi 33 chini ya sifuri, kwa hiyo ikipasua bomba lenye shinikizo, sehemu yake hugeuka gesi papo hapo. Sehemu 300 tu katika milioni moja za hewa zinahesabiwa kuwa hatari kwa uhai wa mtu, na ikifikia kati ya asilimia 15 na 28 ya hewa inaweza kushika moto. Mchana upepo wa ziwani huvuma kuelekea nchi kavu, maana yake kuelekea kwenye zile nyumba za mlimani.

Kwa sababu hiyo, mbali na mfumo wa kawaida wa kuendesha mitambo, kiwanda kilikuwa na mfumo wa pekee wa usalama, ambao kazi yake ilikuwa moja: vitambuzi vikinusa amonia, uzime kompresa na kufunga vali. Ndani ya kabati lake mlikuwa na moduli tatu za prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, zilizopangwa sambamba. Kila moja ilipokea taarifa za vitambuzi, ikafanya hesabu zake yenyewe, kisha zote zikapiga kura; uamuzi wa mbili ndio uliofuatwa. Ubora wa mpango huu uko pande mbili, na mara nyingi watu huona upande mmoja tu. Prosesa moja ikiharibika na kudai kuna hatari isiyokuwepo, wenzake wawili wanaikatalia na kiwanda hakisimami bure; na ikiharibika kwa namna ya kunyamaza wakati hatari ipo kweli, wenzake wanafunga vali bila kuisubiri. Wazo lenyewe si geni. Mwanahisabati John von Neumann aliliandikia mwaka 1956, na kompyuta iliyoongoza roketi ya Saturn V ilijengwa kwa saketi tatutatu zinazopiga kura.

Tukio ninalolikumbuka lilitokea msimu wa mvua, muda mfupi baada ya zamu ya usiku kuanza. Kengele ya chumba cha udhibiti ililia, na nilipofungua kabati nikakuta prosesa ya kushoto imewasha taa nyekundu, huku mbili zilizobaki zikiendelea na kijani chao. Mitambo haikutetereka. Friza zilikuwa zimejaa minofu, na kontena lilikuwa uani likisubiri kupakiwa kabla ya mapambazuko.

Nilimwita fundi mkuu, mzee wa makamo aliyetufundisha wengi wetu. Nilimpa shikamoo, akaitikia bila kuyatoa macho kwenye kabati. Kabla hajasema neno, meneja wa zamu alikuwa ameshafika.

"Mzee wangu, si mbili bado zinafanya kazi?" aliuliza. "Unga ule mzunguko wa kuzima moja kwa moja, usije ukatusimamisha usiku huu. Asubuhi mtatengeneza."

"Bosi, nikiunga hapo, amonia ikivuja saa nane za usiku, vali ataifunga nani?" Mzee alijibu kwa sauti ya chini. "Hilo mimi sitalifanya, na huyu kijana hatalifanya."

Nilimheshimu siku zote, lakini usiku ule nilimheshimu zaidi. Vali zetu zilishikiliwa wazi kwa umeme na kufungwa na springi, ili umeme au prosesa zikikosekana, kila kitu kiangukie upande wa usalama. Kuunga mzunguko ule, yaani kuzipa vali umeme bila kupitia prosesa, kungeondoa ulinzi wote kwa waya mmoja. Tena prosesa mbili zinaweza kulinganisha majibu, lakini zikihitilafiana hakuna ya tatu ya kuamua, na mfumo wetu ulikuwa umepangwa kuzima mitambo yote ikibaki moja peke yake. Wakati tuliokuwa nao ulikuwa wa kutengeneza, na haukuwa wa kusubiri asubuhi.

Moduli ya akiba ilikuwepo stoo. Mzee alinitaka nisome toleo la programu lililoandikwa ubavuni mwake na kulilinganisha na la zile mbili, kisha nivae mkanda wa mkononi wa kuondoa umeme tuli. Aliniagiza niweke kidole juu ya moduli ninayotaka kuchomoa, nisome namba yake kwa sauti, naye aisome kwenye daftari, kwa kuwa kuchomoa nzima badala ya mbovu kungekuwa kuzima kiwanda kwa mkono wetu. Nililegeza skrubu mbili, nikaivuta. Ilikuwa ya moto kiasi kwamba niliihamisha haraka kutoka mkono mmoja kwenda mwingine.

Joto lile ndilo lililomfanya Mzee ainame. Alitoa chujio la feni chini ya mlango wa kabati, na hapo tukaona wazi. Lilikuwa limezibwa na tabaka nene la wadudu wa ziwani, wale ambao hupaa juu ya maji kwa makundi yanayoonekana kwa mbali kama moshi. Kiyoyozi cha chumba kilikuwa kimeharibika, madirisha yakaachwa wazi, na taa zikawaita wadudu ndani. Feni ilizunguka, lakini hewa haikupita. Mafundi wa elektroniki huchukulia kwamba kila ongezeko la nyuzi 10 hupunguza maisha ya baadhi ya vipuri, hasa kapasita, kwa karibu nusu. Na prosesa mbili tulizokuwa tukizitegemea zilikuwa zimevuta hewa ileile kwa muda uleule.

Jambo hili bado linanigusa kila nikilifikiria. Tulikuwa na prosesa tatu, na kiwanda kilizilipia tatu, lakini zote zilikaa ndani ya kabati moja lenye chujio moja. Kura haisaidii pale wapiga kura wote wanapougua ugonjwa mmoja.

Tulisafisha chujio, tukaweka feni ya mezani mbele ya mlango wa kabati, kisha nikaisukuma moduli mpya mahali pake. Ilikaa kitambo ikinakili programu na hali ya mitambo kutoka kwa wenzake, na Mzee hakuruhusu mtu yeyote aguse kitu mpaka taa yake ilipogeuka kijani. Kontena liliondoka alfajiri.

Kiyoyozi kilitengenezwa wiki ileile, madirisha yakawekwa wavu mwembamba, na kipimajoto chenye kengele yake kikafungwa ndani ya kabati. Kiwanda kiliposimama kwa usafi, tulipuliza gesi ya majaribio kwenye kila kitambuzi na kupima muda mpaka vali kufunga. Prosesa zote tatu zilikubaliana kila mara, lakini vali moja ya bomba la amonia kimiminika ilifunga kwa kusitasita kwa sababu ya kutu kwenye shina lake, na tukaifungua vipandevipande mchana uleule.