Swali la Kumi na Nne

Kwa wiki kumi na moja mfululizo niliweka alama ya vema mbele ya swali la kumi na nne. Swali lilikuwa hili: "Je, maji ya mvua yanatoka eneo la ujenzi bila kuleta madhara kwa majirani?" Ndiyo, nikajibu, nikatia sahihi na tarehe. Ilikuwa Septemba, Oktoba na Novemba. Katika wiki hizo zote halikudondoka hata tone moja.

Nilikuwa afisa mazingira wa saiti, kazi yangu ya kwanza tangu nimalize chuo, kwenye ujenzi wa kituo cha kupoza umeme magharibi ya Dodoma, upande wa Bahi. Kijiji sitakitaja. Kila Ijumaa nilizunguka na fomu: vumbi, kelele, mafuta yaliyomwagika, vyoo vya vibarua, taka, maji. Nikimaliza, nakala moja ilikwenda kwa mhandisi mshauri, nyingine kwa mkandarasi, nyingine kwenye faili. Faili lilikuwa nono na nililionea fahari.

Kwa asiyewahi kuingia kituo cha namna hiyo: umeme unaotoka mbali husafirishwa kwa msongo mkubwa, kilovolti 220 au 400, usije ukapotea mwingi njiani. Ukikaribia watumiaji hupozwa, kwa upande wetu hadi kilovolti 33, kisha nyaya za kwenye nguzo za mbao huupeleka vijijini. Lakini kabla transfoma haijafika, kazi kubwa ni ya udongo. Vichaka hung'olewa, greda husawazisha, rola hushindilia mpaka ardhi inakuwa ngumu kama sakafu. Chini hufukiwa nyaya za shaba zilizosukwa kama wavu, juu humwagwa kokoto. Kokoto hizo si urembo. Hitilafu ikitokea, humkinga aliyesimama juu yake, maana umeme hauzipiti kirahisi kama unavyopita udongo wenye unyevu. Hayo yote nilikuwa nayajua. Nilijua pia kwamba ardhi iliyoshindiliwa hainywi maji, kwa hiyo yanayoiangukia lazima yaende mahali. Ramani ilionyesha mitaro miwili ya zege inayoyatoa kaskazini mwa uzio. Baada ya uzio, ramani ilikuwa nyeupe.

Tathmini ya athari kwa mazingira ya mradi ilifanyika kama Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inavyotaka. Ripoti ilikuwa na kurasa zaidi ya mia mbili na niliisoma yote. Ilieleza vizuri shimo la zege chini ya transfoma, lenye uwezo wa kubeba mafuta yote ya mashine hiyo na asilimia 10 zaidi, ili yakivuja yasifike ardhini. Ilieleza gesi ya salfa heksafloraidi inayotiwa kwenye vikata umeme, ambayo kilo moja yake hupasha joto dunia kuliko kilo 23,000 za kaboni dayoksaidi kwa kipindi cha miaka 100. Ilizungumzia ndege wanaogonga nyaya. Maji ya mvua yalipewa nusu ukurasa. Wataalamu walikuja uwandani mwezi Agosti, na mwezi Agosti korongo la kaskazini ni njia ya ng'ombe tu, yenye mchanga mweupe na vinyesi vikavu. Basi wakaliandika hivyo: njia ya mifugo.

Kwenye muhtasari wa mkutano wa kijiji kulikuwa na mstari huu: "Mwananchi mmoja aliuliza kuhusu maji. Alijibiwa kuwa mradi utachimba kisima chake na hautagusa maji ya kijiji." Niliupita mstari huo kama wengine wote. Mwananchi mwenyewe nilikuja kumjua mwezi Oktoba, aliponijia getini akiwa amejifunga kaniki, fimbo mkononi.

"Mbukwenyi," nilimwamkia kwa Kigogo changu cha kubahatisha.

"Mbukwa, mjukuu wangu." Akauliza habari za nyumbani, za kazi, za jua. Kisha akasema, "Ule udongo mmeuweka mlangoni kwangu."

Alinyoosha fimbo kwenye kifusi, kile kilichotoka kwenye misingi ya transfoma, kichuguu kirefu kupita nyumba nje ya uzio wa kaskazini. Nyumba yake ilikuwa karibu kilomita moja kutoka pale, tena upande mwingine. Nikadhani ni vumbi. Nikamhakikishia kuwa nitalishughulikia, na kweli nililishughulikia: nilimwambia dereva wa boza amwage maji barabarani mara tatu kwa siku badala ya mbili. Bibi akashukuru, akaondoka taratibu. Kwenye kitabu cha malalamiko niliandika "vumbi", na mbele yake "limetatuliwa".

Mvua ya kwanza ilinyesha wiki ya kwanza ya Desemba, usiku. Aliyeishi Dodoma anajua maana yake. Mwaka mzima mkoa hupata milimita 500 hadi 600 hivi, na nyingi huja kwa vishindo vichache. Nilitoka nje ya chumba nilichopanga nikasimama barazani kunusa udongo. Majirani nao walikuwa nje, watoto wanarukaruka gizani. Asubuhi kipimo tulichokifunga kwenye uzio kilisoma milimita 58. Njiani watu walikuwa wameshabeba majembe na mbegu za uwele na mtama.

Saiti ilikuwa imetakata. Mitaro ilipitisha maji vizuri kabisa, hakuna dimbwi, hakuna ukuta ulioanguka. Mhandisi wa mkandarasi alinipa mkono. Nilikuwa nimeshatoa fomu, niweke ile vema kwa mara ya kwanza nikiwa nimeona mvua kwa macho, watoto wawili walipopita kando ya uzio wakitoka korongoni. Ndoo zao zilikuwa tupu. Sijui kwa nini niliwafuata walikotoka badala ya kuandika. Pengine ni ule mlio wa ndoo tupu asubuhi, saa ambayo zinapaswa kuwa zimejaa.

Visima vilikuwa saba, mita mia sita chini ya kituo, vimechimbwa kwenye mchanga wa korongo. Kila kimoja kilizungushiwa miiba mifugo isiingie. Sikuwahi kufika pale. Sehemu yangu ya kazi iliishia kwenye uzio, na miezi mitatu nzima sikuuvuka. Mchanga mweupe haukuonekana tena. Korongo lote lilikuwa limepakwa tope zito, laini, lililoanza kung'aa juani, na visima vimejaa tope hilo hadi mdomoni. Wanawake wanane hivi walikuwa wamesimama ukingoni kimya. Bibi alikuwa amekaa juu ya jiwe.

"Umekuja kupima?" aliniuliza. Mkononi nilikuwa na chupa ya sampuli.

Nikashindwa kujibu. Akanionyesha kwa fimbo, juu kwenye kifusi kisha chini mpaka tulipo, akisema polepole kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. "Maji huingilia kule. Kule ndiko mlango. Yakishaingia yanalala humu mchangani mpaka mwezi wa tisa, sisi tunayaamsha kidogo kidogo."

Nilikuwa nimefundishwa jambo hilo hilo darasani kwa maneno mengine. Karibu theluthi ya ujazo wa mchanga ni nafasi tupu kati ya punje na punje. Mvua huijaza, jua haliyafikii maji yaliyo chini, na korongo linaloonekana kavu huwa ghala. Likija tope laini, punje zake huziba nafasi za juu, maji ya mvua inayofuata hupita juu kwa juu na kwenda zake. Kisima kilichojaa tope kinaweza kuchimbuliwa siku moja. Mchanga ulioziba mlango ni habari nyingine.

Na mimi ni mtu wa Kondoa. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Nimezaliwa kwenye makorongo. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ule tuliouita HADO, ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa kwenye eneo la zaidi ya kilomita za mraba 1,200 lililokuwa limeliwa na mmomonyoko. Ng'ombe wa babu yangu walikuwemo. Mpaka anakufa alikuwa akitusimulia siku ya kuwaswaga kuondoka, na jinsi majani yalivyorudi baadaye pale ambapo palikuwa mifupa ya ardhi. Nilikulia kwenye simulizi ya udongo unaotembea, halafu nikakaa miezi mitatu karibu na kifusi kilicholundikwa kichwani mwa korongo nikihesabu vumbi.

Mhandisi hakukubali mara moja. "Dada, mvua ya kwanza kila mahali ni tope," alisema. "Dodoma yote leo ni tope." Hakuwa anasema uongo. Nilirudi visimani na ndoo mbili, nikachota tope la visima vitatu, nikaliosha kwenye chujio mbele yake. Udongo wa juu wa pale ni mwekundu mtupu. Ila tulipochimba misingi, kuanzia mita mbili kwenda chini tulikuta vijiwe vyeupe vya chokaa, vidogo kama punje za mahindi, na kifusi chote kilikuwa na madoa yake. Ndani ya chujio vilibaki vijiwe hivyo hivyo. Mhandisi alivishika, akavigeuza kiganjani, akavua kofia ngumu. Mchana ule ule tipa la kwanza lilianza kuhamisha kifusi. Sharti la cheti cha mazingira lilikuwa wazi, kifusi kisiwekwe kwenye njia ya maji. Kilichokosekana ni mtu wa kusema kuwa ile ni njia ya maji, na aliyesema tulimwandikia vumbi.

Jioni nilikaa kuandika taarifa. Mkubwa wangu alipiga simu akashauri nitumie maneno "mvua isiyo ya kawaida". Kampuni ingekuwa na utetezi, nami ningekuwa na kazi. Nilimwambia milimita 58 kwa usiku mmoja ni nyingi, lakini zinatarajiwa Dodoma, na mitaro yenyewe ilisanifiwa kwa mvua kubwa kuliko hiyo. Akanyamaza. Nikaambatanisha fomu zangu kumi na moja, na ukurasa wa kitabu cha malalamiko wenye mwandiko wangu. Nilihesabu kwamba nitafukuzwa. Sikufukuzwa, ingawa kwa miezi miwili hakuna aliyenipigia simu kutoka ofisini isipokuwa kwa jambo la lazima.

Kifusi kilihamishwa kwa siku tatu. Kwenye midomo ya mitaro tulichimba mabwawa mawili ya kutulizia tope, na korongoni, juu ya visima, tukapanga vizuizi vya mawe vya kupunguza mbio za maji. Boza lilipeleka maji kijijini kila asubuhi. Kazi ya kutoa tope ilibidi ifanywe kwa mikono. Mhandisi alitaka kupeleka katapila. Bibi alikataa katakata. Chini ya mchanga kuna udongo wa mfinyanzi unaoshika maji yasizame, chuma kikiutoboa, ghala limevuja. Hilo nalo halikuwa kwenye kurasa mia mbili. Mkandarasi akaajiri watu wa kijiji, akawalipa ujira wa vibarua wa saiti, na kwa wiki mbili bibi ndiye aliyekuwa msimamizi. Alipita akichokoa na fimbo, akisema hapa bado, hapa tosha, hapa msiguse. Tulikwangua tabaka la tope lenye unene wa kiganja, tukalibeba kwa karai hadi mbali, haraka haraka, kabla mvua ya pili haijalipeleka ndani zaidi. Mikono ilinichubuka siku ya kwanza. Wenzangu wa kijijini walinipa mafuta ya alizeti nipake.

Fomu niliibadilisha. Swali la kumi na nne likawa: "Shuka hadi visimani. Maji yana rangi gani, na yako kina gani?" Kila Ijumaa nilivuka uzio.

Transfoma iliwasili Agosti iliyofuata, juu ya gari lenye magurudumu yasiyohesabika, likitembea polepole kuliko mtu. Kijiji kizima kilikwenda barabarani kuitazama. Ilikuwa Ijumaa, mimi na bibi tukashuka korongoni. Mchanga ulikuwa mweupe tena karibu wote. Kisima cha kwanza alichota kwa kata, akanipa ninywe. Cha pili, cha tatu, hadi cha tano. Niliandika rangi na kina cha kila kimoja.

Viwili vya chini kabisa, ambako tope lilikaa nene zaidi na tulifika tumechelewa, vilikuwa na mchanga mkavu hadi mkono wangu ulipoishia. Nilisimama pale na kalamu. Aliona nasita.

"Andika vilivyo," alisema.

Nikaandika: vikavu.