Meko ya Tattershall

Juzi kaka ameniletea ujumbe kutoka Mji Mkongwe: dalali amerudi kuulizia mlango wa nyumba ya marehemu babu, na safari hii kapandisha bei. Tangu hapo namwona mama amesimama mbele ya meko kule Tattershall, kwenye mnara wa kale huku Uingereza.

Alikuja kututembelea kiangazi, tukampeleka. Jimbo la Lincolnshire, ulipo mnara huo, ni tambarare tupu, na mnara ule unauona toka mbali: matofali mekundu ya kuchoma, karibu mita 40 kwenda juu. Ralph Cromwell, mweka hazina wa Mfalme Henry VI, aliujenga miaka ya 1430 na 1440. Ndani kuna vyumba vikubwa vinne, kimoja juu ya kingine, na kila kimoja kina meko yake ya mawe.

Mama hakutaka kuyaacha. Yamechongwa ngao za ukoo na mikoba ya fedha, alama ya kazi ya Cromwell. Baba yake alikuwa fundi wa kuchonga, basi akainama, akafuata mkondo wa patasi kwa macho, mkoba kwa mkoba, midomo ikichezacheza kama anayehesabu tasbihi. "Huyu mkono wake haukutetemeka," akasema.

Nikamsomea maelezo ya ukutani. Mnara uliuzwa, meko yote manne yakang'olewa na kufungwa tayari kupelekwa Marekani. Mwaka 1911 Lord Curzon, aliyewahi kuitawala India kwa niaba ya mfalme, akaununua mnara, akayasaka meko mpaka yakapatikana London, akayarudisha mahali pake. Alipofariki mwaka 1925 akauachia mnara shirika la National Trust, linalohifadhi majengo ya kale.

Mama akanyanyuka. "Na kama bwana huyo asingekuwa na fedha?"

Sikumjibu. Watoto walikuwa wanavutana kwenda juu. Tukapanda ngazi ya kuzunguka polepole kwa ajili ya magoti yake, mkono wake ukiteleza kwenye mshikio uliochongwa ukutani.

Juu ya paa, upepo ukimvuta mtandio, aliniuliza tena. Nikamwambia kwamba kisa hiki kilichangia kutungwa kwa sheria ya mwaka 1913 ya kulinda majengo ya kale, kwa hiyo leo haitegemei tajiri.

"Lakini sheria ilikuja nyuma ya meko, mwanangu. Bwana yule ndiye aliyetangulia."

Sikuwa na la kumjibu, na kaka naye bado hajapata jibu langu.